Korosho kumi kwenye mkeka wa mjomba

Julai mwaka huu nilikuwa nyumbani Newala kwa wiki tatu. Nilikwenda kwa ajili ya arobaini ya bibi yangu mzaa mama, nikarudi na uamuzi wa masomo ambao nilikuwa nimeuzungusha kichwani miaka miwili. Aliyenisaidia kuufikia si mshauri wa chuo. Ni mjomba wangu, mkulima wa korosho aliyeishia darasa la saba, kwa bakuli la korosho na maswali machache.

Nawaandikia wadogo zangu mlioko Marekani, mliojiunga na jeshi la akiba au mnaofikiria kujiunga, na wazazi wenu walioko Mtwara na Lindi. Kila mara napata ujumbe ule ule: "Dada, jeshi si linasomesha bure?" Naomba mnisikilize mpaka mwisho, kwa sababu jibu la ndiyo au hapana litawaumiza.

Mimi nilipata viza ya bahati nasibu, nikafikia Columbus, Ohio. Septemba 2019 nilisaini mkataba wa miaka sita na Jeshi la Akiba la nchi kavu. Askari wa akiba si askari wa kambini. Unaishi kwako, una kazi yako, na jeshi linakuhitaji wikiendi moja kila mwezi na kama wiki mbili kila mwaka, mpaka siku litakapokuita kwa kazi kubwa. Januari 2020 nikaenda mafunzo ya awali Fort Jackson, South Carolina, kisha Fort Lee, Virginia, nikajifunza utunzaji wa ghala. Korona ilitukuta huko. Nilirudi Columbus Juni.

Mwaka 2021 nikaanza chuo cha jamii, muhula mmoja tu. Kodi ya nyumba ilipanda, nikaongeza zamu kazini, nikaacha. Juni 2022 tukaitwa kwenda Kuwait, Camp Arifjan. Nilikaa kazini siku 314. Kumbukeni hiyo namba.

Sasa twende kwa mjomba.

Mimi ni Mmakonde, na kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Baba alinipenda, lakini aliyepalilia shamba ili nimalize kidato cha nne ni mjomba. Kwa hiyo jioni ya tatu baada ya arobaini, wageni wamepungua, aliponiita barazani nilijua kuna jambo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Kaa." Akasogeza sahani ya ming'oko. "Uliniambia jeshi litakusomesha. Huu mwaka wa sita. Hujasoma. Sasa wanakusomesha au hawakusomeshi?"

Nikaanza kumweleza kama nilivyozoea kuwaeleza watu: kuna sheria inaitwa GI Bill, serikali inalipa. Akanyanyua mkono. "Inalipa nani? Wewe au chuo?"

Nikasita, kwa sababu hapo ndipo penyewe. Watu wanasema GI Bill kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa askari wa akiba ni vitu viwili tofauti, na kila kimoja kina mlango wake.

Cha kwanza ni Montgomery GI Bill ya askari wa akiba, ambayo watu wa ofisini wanaiita sura ya 1606. Hii unaipata kwa mkataba: usaini miaka sita, uwe umemaliza sekondari, umalize mafunzo ya awali, na uendelee kuhudhuria kikosini bila doa. Kikosi kinakupa hati ya kuthibitisha kwamba unastahili. Ukisoma, Idara ya Maveterani inakulipa wewe mwenyewe kila mwezi, moja kwa moja benki, mpaka miezi 36. Mwaka 2025, kwa mwanafunzi wa muda wote, ilikuwa pesa isiyofika dola 500 kwa mwezi. Ada unailipa humo humo. Na siku unapotoka kwenye kikosi cha akiba, kwa kawaida haki hiyo nayo inakoma. Hii ndiyo niliyoitumia ule muhula wa 2021, na ndiyo iliyoliwa na kodi ya nyumba.

Cha pili ni GI Bill ya baada ya Septemba 11, sura ya 33, iliyoanza kutumika Agosti 1, 2009. Hii haiangalii umesaini miaka mingapi. Inaangalia umefanya kazi ya jeshi ya muda wote siku ngapi baada ya Septemba 10, 2001. Kuanzia siku 90 unapata asilimia 50. Ukifika miezi 6, asilimia 60. Miezi 18, asilimia 70. Miezi 24, asilimia 80. Miezi 30, asilimia 90. Miezi 36, yote. Asilimia ya nini? Ya vitu vitatu: ada, ambayo inakwenda chuoni bila kupita mkononi mwako, posho ya makazi ya kila mwezi, ambayo inakuja kwako na kiwango chake kinafuata eneo kilipo chuo, na pesa ya vitabu, ambayo kwa mwenye haki kamili inafika dola 1,000 kwa mwaka wa masomo.

Mjomba alisikiliza kimya, akitafuna. Kisha akasema, "Hii ni stakabadhi ghalani."

Kwa msomaji asiye wa kusini: tangu 2007 korosho zetu zinauzwa kwa mfumo huo. Unapeleka mzigo chama cha msingi, unapimwa, unapewa karatasi. Mzigo unakwenda ghala kuu, unasubiri mnada. Bei inatangazwa redioni na kila mtu anashangilia, lakini mkulima mzoefu hashangilii bei ya redioni. Anauliza daraja la korosho zake, anauliza makato, anasubiri kilichoingia benki. Mjomba ameishi na mfumo huo miaka yote hii. Hakuna mtu niliyewahi kumweleza sura ya 33 akaielewa haraka kama yeye, na nimewaeleza wenye shahada.

"Sasa daraja lako lipi?" akauliza.

Nikajibu bila kufikiri: "Sabini."

"Nionyeshe."

Akaingia ndani, akatoka na bakuli la korosho za msimu uliopita, zenye maganda. Akaniambia niweke moja kwenye mkeka kwa kila mwezi ninaodai. Nikatoa daftari ambalo nimeliandika tangu Fort Jackson. Mafunzo ya awali na ya ghala, miezi mitano: nikaweka tano. Mazoezi ya kila mwaka, mara nne, ukijumlisha ni kama miezi miwili: mbili. Wikiendi za kila mwezi, karibu siku mia: tatu. Kuwait, siku 314: kumi. Korosho ishirini. Miezi ishirini imepita kumi na minane, kwa hiyo asilimia 70. Ndivyo nilivyokuwa nimepanga bajeti yangu nzima ya kurudi shule, na ndivyo karani mmoja alivyoniitikia nilipomuuliza, bila kufungua jalada langu.

Mjomba akaangalia zile korosho. Akashika zile tatu za wikiendi. "Hizi, nani alikuita?"

"Ni ratiba ya kila mwezi, mjomba."

"Hakukuita mtu basi. Ni zamu yako ya kawaida." Akazirudisha bakulini. Akashika mbili za mazoezi ya mwaka. "Na hizi?"

Hapo nikachukua simu. Mtandao wa Newala jioni ile ulikuwa mzuri, namshukuru Mungu. Nilisoma masharti upya, taratibu, kama mtu anayesoma barua ya mahakama. Mazoezi ya kila mwaka hayahesabiki. Wikiendi hazihesabiki. Na mafunzo ya awali, ile miezi mitano niliyotokwa jasho nikidhani naweka akiba ya masomo, kwa mtu ambaye hajafikisha miezi 24 ya kazi ya muda wote, nayo hayahesabiki.

Mjomba hakusema kitu. Alizitoa moja moja. Zikabaki kumi.

Niliziangalia muda mrefu. Kumi ni zaidi ya sita na pungufu ya kumi na minane. Asilimia 60.

Zile kumi hakuna atakayezigusa, na sababu yake ningependa kila askari wa akiba aijue kwa namba. Kila amri ya kukuita kazini imeandikwa kifungu cha sheria ya shirikisho kilichotumika, kutoka kitabu cha 10. Amri yangu ya Kuwait imeandikwa 12302. Kifungu hicho kimo kwenye orodha ya vinavyohesabika kwa sura ya 33. Vingine ni kama 12301(d), ambacho hutumika askari anapokubali mwenyewe kwenda kazini kwa muda. Ukiwa na amri ya siku thelathini hapa na arobaini pale chini ya kifungu hicho, zote zinajumlishwa. Lakini safari fupi mara nyingi haikupi fomu ya DD 214, ile ya kumaliza utumishi, kwa hiyo ushahidi wako ni amri yenyewe. Itunze. Ipige picha, ichapishe, mpe dada yako nakala. Nimemwona mwenzangu akipoteza wiki kadhaa akitafuta karatasi moja ya siku 45.

Kuna na hadithi za zamani za kujihadhari nazo. Sajenti mmoja mkubwa kwangu, mtu mwema, alinihimiza niombe mpango wa sura ya 1607, uliokuwa wa askari wa akiba walioitwa vitani. Yeye ulimsomesha. Lakini Bunge la Marekani liliufungia wapya Novemba 25, 2015, na waliokuwa ndani wakapewa miaka minne ya kumalizia. Hakunidanganya. Alinipa ramani ya barabara ambayo haipo tena.

Baada ya korosho kumi nikamwambia mjomba lililokuwa likinikaba. Mkataba wangu unaisha Septemba. Baadhi ya wenzangu wananishauri nisaini tena na nitumie sura ya 1606, kwa sababu nimeshaizoea, fomu ni rahisi na pesa inakuja mkononi. Nikitaka sura ya 33, kwenye fomu kuna mahali pa kuchagua unaachia haki ipi ili upate hiyo, na ukishachagua huwezi kurudi nyuma.

Akanyamaza. Mbele yetu mikorosho ilikuwa imeanza kutoa maua. Hewa ilinuka salfa, jirani alikuwa amepulizia asubuhi. Mjomba akanyoosha kidole kwenye yale maua.

"Unajua kangomba."

Nani wa kusini asiyejua? Mtu ana shida ya ada au ya mgonjwa, mlanguzi anapita mwezi kama huu, ananunua korosho zikiwa bado maua kwa bei ya kutupa. Oktoba mzigo unaposhuka si wako tena. Serikali imepiga marufuku, na bado watu wanauza, kwa sababu shida haisubiri mnada.

"Hiyo pesa ya mkononi," akasema, "isije ikawa kangomba ya masomo yako. Piga hesabu kwanza."

Tukapiga. Nikachukua mfano wa posho kamili ya dola 1,500 kwa mwezi, namba ya kufanyia hesabu tu: asilimia 60 ni 900. Hiyo peke yake ni karibu mara mbili ya ile ya sura ya 1606, na juu yake chuo kinalipwa asilimia 60 ya ada, na vitabu dola 600. Vilevile, kwa kuwa nilimaliza kazi ya muda wote baada ya Januari 1, 2013, sura ya 33 kwangu haina tarehe ya kuisha. Naweza kutoka jeshini Septemba na bado nikasoma. Anayetumia haki zaidi ya moja kwa nyakati tofauti ajue tu kwamba zikijumlishwa haziruhusiwi kuzidi miezi 48.

Posho hiyo ina mitego miwili, nayo imewakuta watu ninaowajua. Lazima masomo yako yazidi nusu ya mzigo wa muda wote. Ukisoma nusu kamili au chini, posho ya makazi hupati. Na ukisoma yote kwa mtandao, unapewa nusu ya wastani wa nchi nzima, hata kama unaishi mji wa gharama kubwa. Somo moja tu la kuhudhuria darasani linabadilisha hesabu hiyo. Mimi nilikuwa nimejiandikisha yote kwa mtandao kwa sababu ya zamu zangu. Kesho yake, saa kumi jioni ya Newala, ambayo ni saa tatu asubuhi ya Ohio, nilipiga simu chuoni kwa ofisa anayethibitisha uandikishaji wa wanaotumia GI Bill. Kila chuo kinachopokea pesa hizo kina mtu huyo, na bila yeye kutuma taarifa zako hakuna kinacholipwa. Mtafute mapema, mjue kwa jina. Tulihamisha somo moja la takwimu likawa la Jumanne usiku, darasani.

Ile asilimia 40 ya ada iliyobaki? Hapo kuna ruzuku ya serikali kuu inayoitwa Pell, ambayo kwa mwaka wa masomo wa 2025/26 ilifika mpaka dola 7,395 kwa mwenye kipato cha chini zaidi. Unaiomba kwa fomu ya FAFSA, na pesa ya GI Bill haihesabiwi humo kama kipato chako. Wengi hawaombi kwa sababu wanadhani jeshi na ruzuku havikai pamoja. Vinakaa. Upo pia msaada wa ada wa jeshi lenyewe, unaolipa mpaka dola 250 kwa kila krediti, na ukomo wa Wizara ya Ulinzi ni dola 4,500 kwa mwaka, lakini huo ni wa aliyemo jeshini, unaombwa na kukubaliwa kabla somo halijaanza, na ukifeli somo unarudisha. Kwangu ninayetoka Septemba hauna nafasi. Kwa wewe unayeanza leo, uulizie siku ya kwanza.

Mjomba alikuwa na swali jingine, na hili aliliuliza kwa sauti ya chini. "Wakikuita tena katikati ya muhula?" Nikamweleza kwamba askari akiitwa kazini akalazimika kuacha masomo bila kupata alama zake, miezi aliyoitumia kwenye muhula huo anarudishiwa. Akatikisa kichwa muda mrefu.

Nilidhani anawaza Kuwait. Alikuwa anamuwaza baba yake.

Babu yangu alikwenda Burma na Keya, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, katika vita ya pili ya dunia. Sikumkuta. Bibi alikuwa akisimulia kwamba alirudi na koti zito la jeshi na medali moja, na kwa koti lile waliwafunika watoto wakati wa kipupwe huku juu milimani. Nilimwambia mjomba kwamba GI Bill ya kwanza Rais Roosevelt aliisaini Juni 22, 1944, babu akiwa vitani upande wa Waingereza, na kwamba kufikia 1956 askari karibu milioni nane wa Marekani walikuwa wamesoma au kupata mafunzo ya kazi kwa sheria hiyo. Sikumficha kwamba askari weusi wengi wa huko walizuiwa milangoni kwa rangi yao, karatasi wakiwa nazo mkononi.

"Baba alijua kusoma," mjomba akasema. "Alijifunza Kiswahili cha kuandika jeshini. Alitaka kuendelea." Hakuongeza neno. Nami sikuuliza.

Fomu ya kuomba GI Bill niliijaza Jumatatu iliyofuata, ile ya 22-1990, kwenye simu, nimekaa kwenye baraza ile ile. Nilipofika pale pa kuchagua nilisimama. Nikamsomea mjomba kwa Kiswahili neno kwa neno, nikachagua sura ya 33, nikatuma. Ikaja namba ya uthibitisho.

"Risiti iko wapi?"

Nikamwonyesha kwenye simu. Hakuridhika. Tukapanda bodaboda mpaka mjini, kwenye duka la vifaa vya ofisi, kijana akatuchapishia ukurasa mmoja pamoja na nakala ya amri yangu yenye ile 12302. Mjomba alizikunja mara mbili, akaziweka mfuko wa shati.

Nyumbani ana kopo la zamani la maziwa ya unga anamotunza stakabadhi zake za korosho, kila msimu umefungwa kwa mpira wake. Alilifungua, akatoa mpira mmoja mpya, akafunga karatasi zangu peke yake, akaziweka juu.

"Wewe una zako kwenye simu," akasema. "Hizi ni za huku."

Muhula wangu unaanza mwisho wa Agosti.